Ngoma za Ndera

Juzi, kwenye teksi ya kwenda Kagarama, kiegemeo cha kichwa kilinisukuma shingo mbele. Nikateremsha kioo cha nyuma, upepo ukaanza kunipiga masikioni: dub, dub, dub.

"Mama, fungua na ile dirisha ingine kidogo," dereva akasema. "Itanyamaza."

Ikanyamaza kweli, nami nikakumbuka safari yetu ya kuhama kutoka Tanzania kurudi Rwanda, nikiwa mtoto. Gari lilinuka petroli na ndizi mbivu. Baba alisema anayerudi nyumbani hupokewa kwa ngoma, lakini mimi Kigali sikuwahi kuiona, na niliogopa kwamba hakuna atakayetutaka. Mama, kwenye kiti cha mbele, aliinamisha kichwa njia nzima. Nilidhani anaona aibu kufika; kumbe kiegemeo kilikuwa kinasukuma kilemba chake.

Tulipokaribia Ndera, nje kidogo ya Kigali, nilifungua kioo changu. Dub, dub, dub.

"Baba! Wanatupigia ngoma!"

Mama, masikio yakimuuma, alishika mpini ateremshe kioo chake. Baba akauzuia mkono wake.

"Acha kwanza, Mama Keza. Ngoja tupokewe."