Siku Bwana Nyayo alipokutana na mguu asioujua

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa wachache mliobaki, na marahaba kwa wengine wote. Nisogezeeni kiti nami nikae. Mwenzenu Mariamu ni nyanya wa wajukuu kumi na mmoja na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona makosa msinicheke.

Nitakayosema niliyaona kwa macho yangu haya, kabla hayajaingiwa na mtoto wa jicho. Kwa umri huu hata kudanganya kunachosha.

Wajukuu wangu wanapenda zile sinema za watu wanaoruka angani na koti mgongoni. Wanakamata majambazi mji mzima, halafu nyumbani kwao mambo yameoza.

Juzi mmoja akaniuliza, "Nyanya, ulishawahi kuona shujaa hivi?"

Nikamwambia nimezaliwa na mmoja. Ila wangu hakuruka. Alitembea, tena bila viatu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za mkoloni. Kijiji chetu kilikuwa kando ya Mto Tana, chini kidogo ya Hewani. Sisi ni Wapokomo, watu wa mpunga na ndizi.

Baba yangu alikuwa msoma nyayo. Ikiibwa mbuzi, ikivunjwa ghala ya mahindi, wakipotea ng'ombe huko nyika za Garsen, anaitwa yeye. Anainama, anatazama mchanga, anakwambia mwizi ni mrefu, kabeba mzigo begani, na jana alikula samaki.

Hapo kwa samaki nimetia chumvi. Mengine yote kweli.

Watu walimwita Bwana Nyayo. (Ni kabla ya zile nyayo nyingine mnazozijua. Tusiingize siasa.)

Wezi walimwogopa kuliko askari wa chifu. Kuna mtu alirudisha jembe la wenyewe baada ya kusikia tu kwamba baba yuko njiani. CCTV ya zama zile wakuu, na haikuhitaji umeme.

Sasa njooni nyumbani kwa shujaa.

Paa linavuja. Mpunga anapalilia mama peke yake, mdogo wangu Yona mgongoni. Baba akiingia, kabla hajamaliza uji, mtu anapiga hodi na shida yake, naye huyoo ameshika fimbo. Mama hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa anasema tu, "Nenda, watu wanakungoja."

Mimi nilijivunia sana baba. Nawaambia ukweli, nilikuwa namwona mama kama mtu asiyejua ana bahati gani.

Mwaka ule mama alichomwa na mwiba wa mgunga kwenye kisigino cha kulia, ukakatikia ndani. Hospitali ilikuwa Ngao, mbali kwa mtu anayechechemea. Na kutoa miiba baba alikuwa fundi, kijiji kizima kilimletea miguu.

Akamwambia mama, "Nikirudi nitautoa."

Akarudi, akaitwa tena. "Nikirudi." Mara tatu wakuu. Mama akaanza kukanyagia vidole tu upande ule.

Kisha akaja Barisa, mfugaji wa Kiorma, rafiki wa baba wa siku nyingi. Ng'ombe wake wawili walikuwa wameibwa. Baba akaondoka naye, siku nne hatujamwona.

Siku ya tano nilikuwa shambani nafukuza ndege kwenye mpunga. Nilikuwa na miaka minane hivi. Adhuhuri nikasikia vigelegele kijijini, nikajua baba karudi na ng'ombe. Nikatimua mbio.

Nilimkuta amezungukwa, Barisa kando yake anacheka meno yote nje. Hajafika nyumbani bado. Mara Mzee Buya akaja anahema.

"Baba Mariamu! Mtumbwi wangu umeibwa! Asubuhi nimeufunga mwenyewe!"

Baba hakuomba hata maji. Akageuza njia kwenda mtoni, watu wote nyuma yake.

Pale tunapofunga mitumbwi palikuwa na tope laini. Baba akainua mkono, tukasimama. Akainama. Halafu akaanza kusoma kwa sauti, kama kawaida yake, na fimbo akiiweka pembeni ya kila unyayo.

"Ni mwanamke. Kabeba mtoto, upande wa kushoto. Na mzigo kichwani."

Watu wakaitikia, "Ehe!"

"Mguu wa kulia haukanyagi kisigino. Una maumivu ya siku nyingi huu."

Hapo waliitikia wachache. Wanawake wakaanza kuangalia chini. Mimi nikaujua mguu ule. Nilitaka kusema, nikajificha nyuma ya watu. Niliogopa baba ataaibika, na zaidi niliogopa kwamba mama hatarudi tena.

Baba akaendelea, utamu wa kazi umemkolea.

"Hapa alisimama. Akageuka, vidole vinatazama kijijini. Akaenda. Hapa kageuka tena. Huyu si mwizi, jamani. Huyu ni mtu aliyechoka." Akanyooka, akatutazama sote. "Mume wake ni nani, anamwacha mke atembee na mguu hivi?"



Barisa ndiye aliyejibu, pole pole, kwa Kiswahili chake cha nyikani.

"Bwana Nyayo. Wewe najua mguu ya ng'ombe yangu. Mguu ya mama ya Mariamu hapana jua?"

Wakuu, baba yangu alikaa chini kwenye tope. Bwana Nyayo mzima.

Wanaume wa wakati ule wangeinuka na ukali, wangemfuata mke na fimbo. Yeye alimwacha Barisa amshike mkono amwinue, akaomba mtumbwi mwingine. Fimbo yake aliiacha pale pale topeni. Akanibeba, tukapiga kasia kupandisha mto mpaka Hewani, kwao mama. 

Wakwe walikuwa uani, na mama kakaa mkekani, mguu kaunyoosha. Sasa mjue, kwetu mkwe wa kiume hainui hata macho mbele ya wakwe. Baba aliwaamkia, akaomba sindano na maji ya moto, akakaa chini mbele ya wote. Akauchukua mguu wa mama akauweka mapajani mwake.

Babu akageuza uso. Nyanya akajifanya ana kazi jikoni.

Mama akamuuliza, "Umekuja kukamata mwizi wa mtumbwi?"

"Nimekuja kutoa mwiba."

"Mguu huu umeujua lini?"

"Leo," baba akasema. "Nilisomewa na Barisa."

Mama akacheka huku analia, na mwiba ukatoka na usaha wake. Hakurudi nasi siku ile, na hakuwa na haraka. Alikaa wiki tatu. Mtumbwi wa Mzee Buya tuliurudisha sisi, na baba akawa anapanda Hewani kila baada ya siku moja kumwosha kidonda. Mtu mmoja alimfuata hadi huko kuhusu mbuzi. Baba akamwambia mbuzi angoje. Nilishtuka!

Mama aliporudi baba aliendelea na kazi yake, wezi hawakupata likizo. Ila kila asubuhi alizunguka kwanza ua wetu kabla haujafagiwa. "Yona anakua. Mariamu, umekanyaga mwiba, lete mguu."

Miaka mingi baadaye mama alitangulia. Baada ya maziko nilimkuta baba, mzee kabisa, amefunika karai mlangoni na jiwe juu yake. Nikadhani ameanza kuchanganyikiwa. Akaliinua taratibu.

Chini yake palikuwa na unyayo wa mama, wa mguu wa kulia. Alikuwa ameukinga na kuku na mvua.

"Tazama kisigino," akaniambia.

Kilikuwa kimekanyaga chote.

Basi wakuu, nilichojifunza ni kwamba anayesaidia dunia nzima naye ana mtu wa kwake anachechemea uani, amtazame. Namshukuru Mungu kwa baba aliyekubali kuaibika mbele ya watu. Namshukuru mama aliyegeuka mara mbili pale mtoni. Na Barisa, Mungu amrehemu, bila ulimi wake nisingekuwa na wazazi wawili.

Nanyi waliowalea walikanyaga vipi? Andikeni hapo chini, nasoma polepole lakini nasoma zote.