Mtafiti Aliyemwamkia Mama Mkwe Redioni

Daktari alipotuambia kwamba binti yangu ana seli mundu, mama mkwe wangu alirudi nyumbani Misigiri, akakusanya miundu yote na kuifungia stoo. Alidhani chuma kimemdhuru mtoto. Majani ya ng'ombe tukawa tunayakata kwa panga. Mimi, ambaye ulimi wangu hauna breki, nilimweleza kwamba mtoto amezaliwa nao ugonjwa huo, tena ameurithi kwangu na kwa mwanawe. Akaninunia.

Binti yangu yeye alinyamaza, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa darasa la tano. Hata maumivu ya mifupa yalipomwachia, shule hakutaka kuisikia. Nilipombana, akasema, "Mama, si nitakufa? Nisome ya nini sasa?" Mwenzake mmoja alikuwa amemwambia kwamba watoto wa ugonjwa ule hawafiki utu uzima. Nilimkemea, kisha nikaenda kulia nyuma ya zizi.

Asubuhi moja tukiwa tunapepeta uwele uani, redio ikamleta mtafiti wa magonjwa ya damu, mwanamke Mtanzania, anayefanya kazi yake hapa hapa nchini.

"Shikamooni wazee wangu," alianza.

Mama mkwe akaweka ungo chini. "Marahaba, mwanangu," akaijibu redio. Nikabana kicheko.

Yule mtafiti alieleza kwamba jina la seli mundu limetokana na umbo la chembe za damu zinapojikunja kama mundu, wala hakuna mundu wa mtu uliohusika. Mama mkwe akakohoa, akatazama pembeni. Dawa zipo, aliendelea, na utafiti haujasimama. Baadhi ya watoto wenye ugonjwa huo aliowapokea alipoanza kazi sasa ni watu wazima, na mmoja wao yuko naye maabara.

Wasomi wenye maneno makubwa nimewasikia wengi, na huwa nazima redio. Huyu alizungumza taratibu, na alipowataja wale watoto sauti yake ilichangamka kama ya mzazi. Sijawahi kumwona hata kwenye picha. Nampenda, basi.

Binti yangu, aliyekuwa amejilaza mkekani, akaketi. Hakuuliza lolote kuhusu dawa wala maabara. Alimtazama bibi yake kwa muda, uso mpaka miguu.

"Bibi, kuzeeka kunauma?"

Mama mkwe akafikiri. "Magoti tu, mjukuu wangu."

"Magoti nitayaweza," akasema.