Kiti cha Kujibia

Mwalimu aliyemwandaa binti yangu kwa usaili wa shahada ya pili ya historia huchonga penseli kwa wembe, taratibu, na maganda huyakusanya kiganjani asiniongezee kazi, maana mimi ndiye mfagiaji wa ghorofa ile. Wanafunzi anaowachukua ni wale ambao kwao hakuna aliyewahi kufika chuo. Huwakalisha mmoja mmoja kwenye kiti cha mbao mbele ya meza yake, kisha sauti yake, ambayo siku zote ni ya upole, inakauka kama ya hakimu. "Historia itakulisha nini, binti?" Mtoto akianza na samahani, anagonga meza kwa penseli. "Hujamkanyaga mtu. Anza upya." Mwanangu alianza upya mara tisa, nami nje nikideki kipande kilekile cha korido.

Juzi majibu yalitoka. Walikwenda watano, hakuchukuliwa hata mmoja. Binti yangu alipita mbele yangu, akashuka ngazi. Nilipoingia kufagia, nilimkuta mwalimu amekaa kwenye kile kiti cha mbao, anakitazama kiti chake mwenyewe kilivyo kitupu. Maganda ya penseli yalikuwa yametapakaa sakafuni.

"Samahani, mama," akasema, wala hakuwa akizungumzia maganda.

"Hujamkanyaga mtu, mwalimu," nikamwambia. "Anza upya."

Nikasimama na ufagio wangu, nikimsubiri. Hakuanza.