Mimba ya Nyumba Mpya

Nusu ya milango ya chuma utakayogonga Kongo, kule Kawangware, imepita mikononi mwangu. Si maringo, nenda ukaulize. Nilitoka Machakos na darasa la tano peke yake, nikaanzia mtaa wa Kisumu Ndogo kwenye chumba kinachonuka omena ya jirani, na leo nina karakana yangu, na wenye digrii wananiita mkubwa. Tulipohamia Kianda, nyumba ya vyumba viwili yenye maji ndani, nilijua nimefika. Mke wangu aliposhika mimba ya pili, nikaiita mimba ya nyumba mpya. Kila mteja aliisikia: tumeingia tu, rangi ya mlango haijakauka, na mama tayari!

Kliniki ya kwanza nilimsindikiza mwenyewe. Pale mwanamke aliyekuja na mumewe hapangi foleni. Anaitwa mbele, ili wanaume wengine nao wapate moyo wa kuja. Tukawapita akina mama waliofika alfajiri, mimi nikiwapungia mkono kama mwanasiasa. Ndani, nesi akamuuliza mke wangu mara ya mwisho aliona siku zake lini. Akafungua mdomo. Nikajibu mimi.

"Andika mwezi wa kwanza, sista. Wiki ile tulihamia Kianda."

Nesi akaandika. Tulipotoka, mke wangu akaniambia polepole, "Lakini baba, tukiwa Kianda niliona tena mara mbili."

"Mtoto hasomi kalenda," nikamwambia, nikacheka peke yangu.

Kliniki zilizofuata alienda mwenyewe. Kila aliposema tarehe si hiyo, aliambiwa mzee wake alikuwa na uhakika.

Uchungu ulimshika asubuhi moja akianika nguo. Nikafunga karakana, jambo ambalo silifanyi hata Krismasi, nikakodi teksi. Hospitalini nesi alimpima, akasema njia bado imefunga. Huo ni uchungu wa uongo, atembee kidogo utatulia. Na kweli, alipozunguka ua wa hospitali ukatulia. Akaanza kujifunga leso yake twende nyumbani. Ndipo daktari akaja na kadi mkononi.

Alikuwa kijana mpole, hakuwa na dharau hata kidogo. Nasema hivyo ili mtu asije akamlaumu yeye.

"Mama, umepitisha siku zako," akasema. "Na picha inaonyesha mtoto ni mdogo kuliko umri wake. Huenda hapati chakula vizuri huko ndani. Afadhali tukuanzishie uchungu leo."

"Mtoto si mdogo, daktari. Ni tarehe ndio kubwa. Mimba haijafika, mimi najua mwili wangu."

Daktari akanigeukia. "Mzee, hii tarehe iko sawa?"

Mimi hubishana na kila mtu. Muuza vyuma akinitajia bei, namwambia arudi shule. Lakini mbele ya koti jeupe lile darasa la tano hunirudia. Jibu nilikuwa nalo. Nilijua pia kwamba nikilitoa, daktari atashangaa ni mwanaume gani huyu anayejibia siku za mwanamke. Na kulikuwa na woga mwingine, nao ulikuwa wa kweli: je, kama mtoto ana njaa huko ndani? Mke wangu si daktari. Mimi nami ni nani?

"Iko sawa, daktari," nikasema.

Mke wangu aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama anayengoja mtu amalizie maneno yake. Nikainama kufunga kamba za viatu.

Wakampa dawa. Uchungu uliokuja safari hii haukuwa na uongo wowote. Mtoto alikuwa msichana, na hakulia. Alitoa sauti ya kukwaruza tu, mbavu zikiingia ndani, wakamkimbiza kwenye chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wakamwekea hewa puani. Mama yake alipoweza kusimama, tukamfuata. Nesi mmoja, mama mtu mzima, alimgeuza, akagusa nywele laini mgongoni, akazitazama nyayo zake zilizokuwa hazina mikunjo.

"Huyu hajapitisha siku. Huyu amewahi," akasema. "Mama, nani alitupatia hii tarehe?"

Nilikuwa mlangoni nimeshika chupa ya uji.

"Ni mimi, sista," mke wangu akasema. "Nilichanganya."

"Na si huyu ni wa pili? Nyinyi mtatuua na hesabu zenu!"

Nikamimina uji.

Mtoto aliishi, sasa anakimbia nyumba nzima. Lakini baridi ya Julai ikimbana kifua, namsikiliza akipumua, na hakuna wa kuniambia kama ni ile siku au ni baridi tu.

Kule wodini akina mama walimbatiza mke wangu Mama Hesabu, naye akacheka nao. Kwangu karakana watu walinipa mkono: mwanaume amesimama na mke wake! Mikono yote niliipokea. Siku moja kule wodini nesi yuleyule akaniambia nifungue shati, nimlaze mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto. Alikuwa mwepesi kuliko nyundo yangu ndogo. Kila pumzi yake niliisikia ikitafuta njia.

"Sista," nikasema, "ile tarehe niliitoa mimi. Mama alisema ukweli. Daktari aliponiuliza, nilimdanganya."

"Wee!" mama wa kitanda cha pili akapaza sauti. "Kwani huko kwenu mzee ndiye hubeba mimba?"

Wakaangua kicheko. Nesi hakucheka. "Punguza sauti, unamshtua mtoto," akasema, akaenda zake.

Mke wangu alikuwa kando yangu akikamua maziwa kwenye kikombe. Hakuinua kichwa.

"Mbona kosa ulijitwika wewe?" nikamuuliza.

"Ningesema ni wewe, ungeanza kubishana na nesi hapo hapo. Na mtoto alikuwa anatafuta hewa."

Akaweka kikombe chini, akanishika kidole kimoja kimoja, akaupanga mkono wangu upya nyuma ya shingo ya mtoto.

"Hapo," akasema. "Na usikaze."