Mguu wa Kulia Umekubaliwa

Miaka ishirini na miwili aliendesha malori ya jeshi, na muda wote huo hakuna mkubwa aliyewahi kumsikia akilalamika. Tairi ikipasuka, hamna shida. Mafuta yakiisha porini, hamna shida. Wenzake wakambandika jina hilohilo, Hamnashida, naye akalibeba kama cheo, maana vyeo vyenyewe havikuja vingi: alistaafu akiwa koplo.

Alistaafu na kitu kingine ambacho hakikuandikwa kwenye cheti. Kilianzia kiunoni, kikapita kwenye tako la kulia, kikashuka nyuma ya paja hadi kisiginoni, kama mtu anayevuta waya wa moto ndani ya nyama. Mguu wa kushoto haukuuma, ulikufa ganzi tu, na mara mbili uliacha kandambili njiani bila mwenyewe kujua. Hakuweza kukaa kitini zaidi ya dakika kumi. Alikula amesimama, ameegemea kabati la vyombo, na wageni wakiuliza aliwaambia chakula kinashuka vizuri hivyo.

Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, ndiye aliyemburura hospitali. Huko wakaelezwa kwamba pingili za mgongo zimeubana mshipa mkubwa wa fahamu unaoteremka miguuni, kwamba ugonjwa huo unaitwa siatika, na kwamba kazi ya kurushwarushwa kwenye kiti cha lori inaweza kabisa kuuleta. Mke aliposikia neno "kazi" hakusikia tena jingine. Askari aliyeumia kazini ana fidia yake. Wiki hiyohiyo fomu zikajazwa.

Bodi ya madaktari ilimwita baada ya miezi saba. Alipiga pasi suruali, akang'arisha viatu, akaingia wima kama yuko gwarideni, meno yameumana. Daktari alikuwa na faili mbele yake na hakuinua macho.

"Unajisikiaje, mzee?"

"Hamna shida, daktari."

Daktari akaandika. Uchunguzi ulichukua dakika nne, mbili kati ya hizo zikaishia kutafuta kalamu.

Barua ya kumkatalia ilikuwa na ukurasa mmoja na mihuri mitatu. Ilisema hakuna kumbukumbu yoyote ya mwombaji kuumia kazini. Kwamba maumivu ya mgongo ni jambo la kawaida kwa umri wake. Na kwamba, zaidi ya yote, mwombaji mwenyewe alitamka mbele ya bodi kuwa hana shida. Wakamtakia afya njema. Mkewe aliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kisha akamuuliza taratibu kama alikwenda kule kudai haki au kuomba kazi.

Siku za kukata rufaa zilikuwa sitini. Mke akageuza chumba cha cherehani kuwa bodi. Alikaa nyuma ya meza ya kukatia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akajifanya daktari na kumuuliza anajisikiaje. Mume akafungua mdomo, likatoka lilelile. Wakarudia. Siku ya tatu alifika hadi "panauma kidogo", kisha akaona haya, akaomba radhi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mkewe alimwambia. "Wewe umeshaumbuliwa na barua tu. Ukisema inauma, nani atakufunga?"

Ndipo mume alipomsimulia jambo alilolifungia kifuani miaka kumi na minne. Siku moja ya mvua lori lake liliteleza likatumbukia mtaroni. Yeye alirushwa juu, akarudi kukalia chuma badala ya kiti. Kapteni aliyekuwa kiti cha pembeni alijigonga shingo. Lori lilipovutwa, kapteni alimshauri wasiandikishe kitu, kwa kuwa atakayeulizwa habari za bampa lililopinda ni dereva. Hamnashida akaendesha saa sita zilizobaki akiwa nusu amesimama, ameung'ang'ania usukani. Walipofika akaulizwa safari ilikuwaje. Mkewe hakuhitaji kuambiwa alijibu nini.

Alichotaka kujua ni kapteni yupi. Alipotajiwa, akaweka mkasi chini. Mke wa kapteni huyo alikuwa mteja wake, tena mteja wa maneno mengi, na mwezi uliopita, wakati fundi ana pini mdomoni na hawezi kujibu, alimweleza jinsi shingo ya bwana wake ilivyolipiwa fidia hatimaye kwa ajili ya "ile ajali ya mtaroni".

Asubuhi iliyofuata fundi alikuwa dirishani kwa karani wa rufaa. Karani akasema faili la kapteni ni siri. Fundi akamjibu kwamba shingo ya watu haimhusu. Anachotaka ni bodi ijue kuwa mtaro ulikuwepo, na lori liliingia. Karani akasema hilo linahitaji barua. Barua alikuwa nayo, nakala tatu. Karani aliitazama kwa huzuni ya mtu aliyeishiwa visingizio, akaigonga muhuri.

Siku ya rufaa walikuta watu watatu mezani. Mwenyekiti alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na mafaili yote mawili, la dereva na la kapteni, mbele yake. Taarifa ya kapteni ilikuwa imechapwa vizuri: gari lilitumbukia mtaroni, akaumia shingo. Dereva hakutajwa popote. Mwenyekiti akaeleza kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu, hakuna ushahidi kuwa mwombaji alikuwa ndani ya gari hilo.

Mke alikuwa ameruhusiwa kuingia kwa sharti la kunyamaza. Alinyamaza mpaka hapo.

"Mheshimiwa, basi kapteni alikuwa anaendeshwa na nani?"

Mjumbe mmoja akakohoa ndani ya leso. Mwenyekiti akabadilisha miwani, akasoma tena, akafunga faili. Kisha akamgeukia mume na kumuuliza anajisikiaje.

Hamnashida aliegemea ukingo wa meza.

"Inauma, mheshimiwa. Nikikaa inauma, nikikohoa inauma. Soksi ananivisha mke wangu." Akatazama sakafu. "Nikisema sina shida huwa nadanganya. Nimewadanganya wakubwa wangu miaka ishirini na miwili."

Mjumbe mmoja akataka kujua kama hilo la kudanganya liandikwe.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Mguu wa kulia ulikubaliwa, asilimia ishirini. Wa kushoto ulikataliwa kwa kuwa pedali ya mafuta hukanyagwa kwa mguu wa kulia, kana kwamba miaka yote hiyo klachi ya kushoto ilikanyagwa na mtu mwingine. Kila baada ya miaka miwili atatakiwa kufika mwenyewe, ghorofa ya tatu, lifti ikiwa mbovu kama ilivyo siku zote, kuthibitisha kwamba hajapona. Shingo ya kapteni ilikuwa na asilimia arobaini. Fundi alipouliza tofauti hiyo inatoka wapi, karani alisema kwamba shingo ni kiungo cha uongozi.

Mume hakuhangaika na asilimia. Alichokishikilia ni ukurasa wa pili, penye mstari mmoja uliosema kuwa gari hilo lilikuwa likiendeshwa na mwombaji. Aliusoma asubuhi, akausoma mchana, mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo.

Habari zikasambaa kwa madereva wastaafu. Wakaanza kuja, mmoja mmoja, kila mtu na barua yake ya mihuri mitatu, wakitaka fundi awaandikie rufaa. Akawawekea benchi barazani. Hakuna anayelikalia. Wanajipanga ukutani, huyu kashika kiuno, yule kapandisha mguu juu ya tofali, wakibishana kama tako ni sehemu ya mgongo au ya mguu, maana kwenye fomu kuna visanduku viwili na hairuhusiwi kujaza vyote.