Na Shambani Kwako Je?

Mama admini wa grupu la WhatsApp la wakulima wa kahawa Mbozi hafuti ujumbe wa mtu. Ukituma maua ya asubuhi njema, ukituma dua ya kusambaza, atakuuliza lile lile: “Asante, mpendwa. Na shambani kwako je?” Deus, mmoja wa wakulima hao, alimwona msumbufu, akaendelea na maua yake. Leo, kwa aibu, alituma picha za jani la mkahawa lenye ugonjwa wa kutu, mbele na nyuma, akaeleza dawa aliyopulizia ikashindwa. Kisha ikaingia sauti ya admini, mashine ya kumenya kahawa ikinguruma nyuma yake: vigelegele virefu, kama vya harusini. “Jamani, mwoneni Deus!” Kabla chai ya Deus haijapoa, majani yalikuwa yakimiminika kutoka Mbozi nzima, mbele na nyuma. Ua halikuonekana hata moja.