Maandazi Kando ya Mto

Juzi, kwenye benchi la kituo cha treni cha Bloomington, Marekani, binti yangu alifungua sambusa zake, akamsogezea mzee asiyemjua. "Karibu," alisema. Mzee akasita, na mimi nikanusa tena iliki ya alasiri moja ya zamani.

Baba, wakati huo bado mwanafunzi wa chuo huku Marekani, alikuwa ametupeleka kuona mashua zikipandishwa kutoka sehemu ya chini ya mto Mississippi hadi ya juu. Tulikaa ukingoni, mama akafungua bakuli la maandazi. Chini yetu kabisa, ndani ya bwawa jembamba la zege lenye milango ya chuma, iliingia mashua ndogo yenye wazee wawili wa Kizungu, mume na mke. Wakatuangalia. Kwetu huwezi kutafuna mtu anakutazama, hivyo mama akawanyooshea bakuli, akaita kwa Kiswahili, "Karibuni, jamani!"

"Mama Neema," baba alinong'ona kwa aibu, "hapa watu hawakaribishani hivyo."

Mama hakushusha mkono. Milango ya chuma ikajifunga kwa mlio mzito, maji yakatokota kama uji, na mashua ikapanda, ikapanda, hadi wale wazee wakalifikia bakuli. Walikula wakicheka. Baba naye akacheka.

Miaka mingi niliamini mto uliwainua kwa sababu mama aliwakaribisha. Leo najua ni maji ya juu yaliyofunguliwa kulijaza bwawa. Hata hivyo, pale kituoni, binti yangu alipoanza kurudisha sambusa zake, nilimshika kiwiko taratibu.

"Usishushe mkono, mwanangu. Ngoja maji yapande."